Joka langu linasomeka kama somo la uraia. Nifanyeje?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la sita mkoani Iringa. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika hadithi ndefu ya watoto wa miaka 10 hadi 13, ya zama za wafalme, ngome na mapanga. Katika nchi ya Mfalme Haki linazuka joka liitwalo Rushwa, makao yake Mlima wa Tamaa. Kijana Ukweli anachukua upanga wa Uaminifu na kwenda kulikabili. Niliwasomea wanafunzi wangu sura tatu za kwanza. Nilipomaliza, mmoja akanyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?" Nimevunjika moyo. Mswada wote, sura 19, nakutumia pamoja na barua hii. Je, hadithi za istiara, zinazosema jambo moja kwa sura ya jingine, zimepitwa na wakati? Na je, ni kosa kuandika habari za ngome na wapanda farasi wakati hayo si yetu?

JIBU: Pole, Mwalimu, na hongera pia. Waandishi wengi wakiulizwa vile humwona mtoto ana utovu wa adabu. Wewe umerudi nyumbani ukaikagua kazi yako. Nimehariri vitabu vya watoto kwa miaka mingi, na maswali kama hilo yamenifunza kazi kuliko vitabu vya nadharia.

Istiara haijapitwa na wakati, na watoto wanaiweza sana. Mwanafunzi wako amekusoma barabara. Ameona kwamba kila kilichomo kwenye hadithi kimebandikwa jibu usoni: joka ni rushwa, mlima ni tamaa, upanga ni uaminifu. Hakuna alichoachiwa akitafute. Akishajua kwamba Ukweli anakwenda kupigana na Rushwa, anajua na nani atashinda, kwa sababu habari hiyo ameshaisoma kwenye mabango ya ofisi na kwenye majalada ya madaftari. Kilichobaki ni kukariri. Na kinachokaririwa shuleni ni cha mtihani, basi akauliza.

Kabla ya kukwambia la kufanya, nataka tumrudie nunda mla watu. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, aliiandika hadithi hiyo kwa Kiswahili kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kuichapa mwaka 1870, lakini bibi zetu walikuwa nayo kabla yake. Sultani ana paka. Siku moja paka anakamata ndama. Watu wanakwenda kushtaki, na sultani anawajibu: paka ni wangu, na ndama ni wangu, mwacheni. Paka anapanda kwa mbuzi, kwa ng'ombe, kwa punda, kwa farasi, kwa ngamia. Kila mara watu wanakwenda, na kila mara wanarudishwa na jibu la namna ile ile. Anakula mtoto wa mtu, bado sultani anamtetea paka wake. Mwishowe paka anatoka mjini, anakaa njiani, kila apitaye ni wake. Siku anapowarukia wana wa sultani na kuwaua watatu, hapo ndipo baba yao anapofumbuka macho na kusema kwamba huyu si paka tena, ni nunda.

Tazama hadithi hiyo inavyofanya kazi, Mwalimu. Humo hakuna mtu aitwaye Rushwa wala Ubadhirifu. Kuna paka, na kuna neno "wangu". Mtoto wa miaka 9 anaisikiliza kwa hofu ya paka anayekua. Akiwa na miaka 30, siku anaposoma gazetini habari ya mkubwa fulani aliyemkingia kifua mtu wake mpaka mali ya umma ikaisha, sentensi ya sultani itamrudia yenyewe, bila mwalimu kumkumbusha. Hadithi imemsubiri miaka 21.

Na nusu ya pili ya ngano hiyo ni kali zaidi. Mwana mdogo wa sultani anatoka kwenda kumwinda nunda. Anaua mbwa, anamburura mpaka nyumbani akiimba kwamba amemuua nunda mla watu. Mama anamtazama, naye anamjibu kwa wimbo: mwanangu, huyu siye. Anarudi porini. Anaua fungo, siye. Anakwenda anakuja, wanyama wanazidi ukubwa, mpaka siku anapoangusha tembo, na hata huyo siye. Kuna maelezo gani ya mapambano na uovu mkubwa yanayozidi hayo? Kijana jasiri, anachoka, anarudi na mzoga wa kweli, na mama anayempenda anapaswa kumwambia kila mara kwamba bado. Sisi watu wazima tunaweza kuongeza habari ya dagaa wanaokamatwa huku papa wakiachwa. Mtoto haihitaji. Anachohitaji ni kujua kama safari ijayo itakuwa yenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa kuliko yote nitakayosema hapa: joka livue jina, ulipe tabia. Kaa chini na daftari ujiulize rushwa huanzaje hasa, katika maisha uliyoyaona kwa macho yako. Haiji ikipumua moto kutoka mlimani. Huanza ndogo, ina sura ya kirafiki, hata ya huruma. Mpaji mwenyewe hupata nafuu, foleni inapungua. Kila mtu anaona chake ni kidogo. Na siku inapokuwa kubwa tayari iko ndani ya nyumba. Ukishaziandika tabia hizo, tafuta mnyama anayeishi hivyo.

Nimejaribu kukuonyesha kwa sura moja fupi. Ichukue, ibadilishe, au itupe, lakini isome kwa sauti kwanza:

Bibi alitua mzigo wa chumvi langoni. Mlinzi hakuwatazama. Alikuwa ameinamia kikapu kilichokuwa miguuni pake, ananong'ona. "Njoo umwone," akamwambia Sifuni. Ndani ya kikapu kulikuwa na kitu kama kenge mchanga, macho ya manjano, mbavu zinapanda na kushuka. Pumzi yake ilikuwa na joto, kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. "Anapenda chumvi," mlinzi akasema. "Chembe mbili tu." Sifuni akamwangalia bibi. Bibi akafungua mdomo wa gunia, akachota kwa vidole vitatu. Kile kiumbe kikalamba kiganja cha Sifuni mpaka chembe ya mwisho, kikafumba macho. Lango likafunguliwa kabla hawajaulizwa walikotoka.

Hakuna neno rushwa hapo. Lakini angalia vidole vya bibi. Mlinzi aliomba chembe mbili, bibi akachota kwa vidole vitatu, kwa hiari yake, kwa sababu jua ni kali na mbele kuna soko. Bibi ni mtu mwema. Na kiganja kilicholambwa ni cha mtoto. Sura ya pili kikapu kinakuwa kidogo. Sura ya nne wanajenga kibanda. Sura ya saba mji unagundua kwamba joka limekuwa pana kuliko lango: kuta zilizojengwa kwa vizazi vitatu kuzuia adui wa nje sasa zimelifungia ndani pamoja nao. Hiyo ni hadithi ambayo mimi mwenyewe ningependa kuisoma mpaka mwisho, maana sijui litatokaje.

Naomba niliseme hili la kiganja zaidi, kwa sababu ndipo hadithi nyingi za istiara ninazoletewa zinapoanguka. Mwandishi anauchukia uovu, basi anauandika mbaya tangu mwanzo: una meno, una harufu, unacheka kicheko kibaya. Mtoto anayesoma hashawishiki hata dakika moja, na kama hakushawishika hakuna alichokishinda. Kishawishi lazima kimshawishi msomaji. Mtoto wako wa darasa la sita lazima atamani kumlisha yule kenge.

C. S. Lewis, msomi wa Oxford aliyeandika mwaka 1936 kitabu kizima kuhusu istiara za mapenzi za zama za kati, alilijua hili vizuri. Katika hadithi yake ya kwanza ya nchi ya Narnia, iliyotoka mwaka 1950, mchawi mkuu anamnasa mtoto Edmund kwa peremende laini za Kituruki, jamaa ya karibu kabisa ya halua yetu. Edmund anakula boksi zima na anataka tena, na kwa ajili ya tena hiyo anawauza ndugu zake. Sasa fikiria wasomaji wa mwanzo. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na peremende zilikuwa bado za mgao. Mgao huo ulikwisha mwaka 1953. Mtoto aliyeisoma sura ile alimeza mate kabla ya kumhukumu Edmund. Alikuwa ameshaingia mtegoni pamoja naye. Lewis mwenyewe hakupenda hadithi zile ziitwe istiara. Alisema alichofanya ni kujiuliza ingekuwaje kama kungekuwa na dunia nyingine namna ile, kisha akafuata yatakayotokea. Tofauti ni ndogo kwa maneno, ila kwenye kuandika ni kubwa: yeye alianza na dunia iliyo hai, wewe umeanza na orodha ya maana.

Utaniuliza: mbona Shaaban Robert alitumia majina? Ndiyo, alitumia, na kwa wingi. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, mwema anaitwa Adili na ndugu zake wenye wivu ni Hasidi na Mwivu. Jina limeshasema kila kitu. Lakini kumbuka unavyokutana na Adili. Mjumbe wa mfalme anamchungulia usiku na kumwona akiwachapa viboko manyani wawili waliofungwa, kisha akiwabembeleza na kuwalisha chakula kizuri. Mtu aitwaye Adili, mwenye sifa ya huruma nchi nzima, anawapiga wanyama usiku! Jina linasema hivi, mikono inafanya vile, na wewe msomaji huwezi kulala mpaka ujue kwa nini. Manyani wale ni ndugu zake, na kuwapiga ni amri ya jini ambayo asipoitimiza atapatwa yeye. Jina pale limekuwa swali. Kama unampenda sana Mfalme Haki wako, muache na jina lake, halafu sura ya kwanza tumwone akifanya jambo lisilofanana nalo, nawe uwe na sababu yake.

Katika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, Shaaban alifanya jambo jingine ambalo ni vema uliige. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria. Anapojitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya faida, na wote wakalipwa kifungo. Wakati ule nchi yetu ilikuwa chini ya Mwingereza, na wengi wameisoma kama fumbo la utawala ule. Lakini nchi ya Kusadikika iko angani, haina ramani, kwa hiyo hakuna serikali yoyote duniani inayoweza kusema haihusiki. Ukilibandika joka lako jina Rushwa umelifungia kwenye kosa moja. Yule kenge wa langoni mtoto mmoja atamwona ni rushwa, mwingine atamwona ni uongo aliomwambia mama yake juzi, mwingine ni pombe ya baba. Wote watakuwa sahihi, na hakuna atakayekuwa amekosa swali.

Wazungu wa zama za kati wenyewe, ambao ndio tunaowaiga tukiandika habari za mapanga, walitumia majina ya aina yako bila haya. Uingereza kuna mchezo wa kuigiza wa mwishoni mwa karne ya 15 uitwao Everyman, yaani Kila Mtu. Mauti anamjia Kila Mtu na kumtaka alete kitabu chake cha hesabu. Anawaendea Urafiki, Jamaa na Mali, wote wanamkwepa. Anakwenda kwa Matendo Mema. Na huyo anamkuta amelala chini kwenye baridi, amebanwa na madhambi, hana hata nguvu ya kusimama. Yuko tayari kumsindikiza, ila miguu haimbebi, kwa sababu mwenye matendo hakuwahi kumlisha. Miaka 500 imepita na bado picha hiyo inachoma. Jina Matendo Mema halitishi mtu. Mwili uliolala chini ndio unaotisha. Kila unapoandika jina la maana, jiulize: mwili wake ukoje leo? Amekula? Anaweza kusimama?

Nije kwenye swali lako la pili. Si kosa kuandika ngome na farasi. Zama za kati ni muda, takribani mwaka 500 hadi 1500, na muda huo ulipita Iringa kama ulivyopita Ufaransa. Kama unaipenda Ulaya, andika Ulaya, ila uijue: shati la pete za chuma lilikuwa na uzito wa kilo 10 na zaidi, farasi anakula kila siku hata siku isiyo na vita, na mji uliozingirwa hufa kwa njaa na kiu kabla ya mapanga. Ngome zilizoandikwa na mtu aliyeziona kwenye katuni tu hazina jiko wala choo, na watoto wanalijua hilo kuliko unavyodhani. Katika darasa moja nililosoma mswada, swali la kwanza lilikuwa: "Joka linakunywa maji wapi?" Mwandishi hakuwa na jibu. Mswada ulirudi.

Lakini kabla hujaenda mbali, simama Kilwa kidogo. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika huko mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Anasimulia kwamba Ijumaa moja sultani akitoka msikitini, fukara mmoja wa Yemen alimsimamisha na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akavua, akampa. Mtoto wa sultani akazikomboa zile nguo kwa watumwa 10, na sultani aliposikia watu wanavyomshukuru akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Alipokufa akatawala ndugu yake Daud, ambaye akiombwa alijibu kwamba mpaji amekufa na hakuacha cha kupewa mtu.

Soma tena hapo, polepole. Mfalme mkarimu, na ndani ya ukarimu wake wamo watu 20 waliotolewa kama bidhaa. Ukimsafisha na kumwita Mfalme Haki, umeipoteza hadithi. Ukimsimulia kupitia macho ya mmoja wa wale 20, mtoto wa miaka 12 aliyesimama uani siku ile akisikia watu wakishangilia wema wa mfalme, una istiara ambayo mimi ningeichapa kesho. Na hapo Kilwa pana ngome pia, ukitaka: Husuni Kubwa, kasri la mawe ya matumbawe juu ya mwamba wa bahari, lenye birika la pembe nane. Kuna mitepe, vyombo vya bahari vya zamani, iliyoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Kuna hata mnyama wa ajabu: mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, na kule wakamwona ndiye qilin, mnyama wa baraka anayetajwa katika ngano zao. Fantasia ya wenzetu ilikuwa ikila majani kwetu.

Sisemi uhame Ulaya. Nasema usiandike ngome kwa kudhani ndiyo lugha pekee ya ajabu.

Jambo la mwisho ni ukurasa wako wa 214, ule wenye kichwa "Mafunzo ya Hadithi Hii". Naelewa umetoka wapi. Wewe ni mwalimu, na vitabu vyetu vya shule vimezoea kumalizia kwa "hadithi hii inatufundisha nini?" Swali hilo lina mahali pake ubaoni, siku nyingine, watoto wakishaishi na hadithi. Kitabuni uliondoe. Wasikilizaji wa zamani walipomjibu msimulizi walisema hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Hawakuomba funzo, na bado walifunzwa.

Hivyo fanya hivi wiki hii. Acha sura zote 19 kabatini. Andika sura moja tu, kurasa tatu, za siku ya kwanza joka lilipokuwa dogo na kila mtu alilipenda. Mwite mwanafunzi yule yule aliyeuliza habari za mtihani, pamoja na wenzake wawili watatu, chini ya mti na si darasani. Wasomee mpaka mtu mwema wa hadithi yako atakapochota kwa vidole vitatu, halafu funga daftari. Usiulize kitu. Kaa kimya kidogo usikilize nani ataanza kusema, na atasema nini kuhusu yule mnyama wa kikapuni.